"Mwenyewe Anajua?" Msamaha na Kumbukumbu za Mahakama

Swali lililotufanya tuandike insha hii tuliulizwa dirishani, katika masjala ya mahakama moja ya mkoa wetu wa Singida. Tulikuwa wazee wawili wa usharika pamoja na mwinjilisti wetu. Tulitoka nyumbani alfajiri, tukabadilisha basi mara mbili, na mkononi tulikuwa na barua yenye muhuri wa usharika. Tuliomba kuoneshwa jalada la kesi ya jinai ya ndugu mmoja tunayesali naye. Karani, mama wa makamo, aliisoma barua yote bila haraka, akaikunja, akatutazama. "Mwenyewe anajua kama mmekuja?"

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alianza kueleza habari za usalama wa mali ya Kanisa, lakini sauti yake ikafifia kabla hajamaliza. Karani hakutukaripia. Alituambia kwa upole kwamba kesi husikilizwa mahakamani hadharani, ila jalada si gazeti la kupekuliwa na kila mpita njia. Mtu aliyeguswa na hukumu ana haki ya kuomba nakala yake. "Rudini naye," alisema. Tulirudi nyumbani jioni ile tukiwa kimya, na safari nzima swali lile lilikuwa limeketi katikati yetu.

Mambo yalianza hivi. Usharika ulikuwa unamtafuta mweka hazina. Wanaotufahamu wanajua jinsi fedha za usharika wa kijijini zinavyopatikana: sadaka ya Jumapili, gunia la alizeti, debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu na kunadiwa nje baada ya ibada. Ni fedha ndogo, lakini kila shilingi ina jasho la mtu, na wakati ule tulikuwa tunachangia bati za kanisa. Jina lililotajwa lilikuwa la ndugu aliyehamia kwetu miaka mingi iliyopita kutoka wilaya nyingine. Alikuwa akitunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, na hajawahi kukosea hata senti. Lakini alikuwa amefuatwa na neno: "Yule alifungwa kwa wizi."

Kwenye kikao tuligawanyika. Kundi moja lilisema, Kristo ameshasamehe, sisi ni nani tuulize? Kundi la pili lilijibu kwa methali ya kale, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leo tunaona kwamba makundi yote mawili yalikwepa jambo moja. La kwanza liliita ukimya wake msamaha. La pili liliita uvumi wake tahadhari. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kwenda kumgongea hodi yule ndugu na kumuuliza. Tukaamua kwenda mahakamani kimyakimya, tukidhani tumepata njia ya katikati.

Tuliporudi ndipo tulipomwendea nyumbani kwake. Alitusikiliza mpaka mwisho, mkewe akiwa amesimama mlangoni. Kisha akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Wazee wangu, miaka 11 mmenisalimia kwa mkono mmoja, na mkono wa pili mmeshika mfuko. Kwa nini hamkuniuliza? Twendeni. Hata mimi karatasi ile sijawahi kuishika."

Safari ya pili ilitufundisha namna kumbukumbu za mahakama zinavyotafutwa, na tunaieleza hapa kwa sababu Wakristo wengi hawaijui, na asiyeijua hubaki na uvumi. Jambo la kwanza ni kujua ni mahakama ipi. Kesi nyingi za vijijini huanzia Mahakama ya Mwanzo. Makosa makubwa zaidi huenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na juu yake ipo Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Jambo la pili ni namba ya shauri na mwaka wake. Asiye na namba humpa karani majina kamili ya mshtakiwa na mwaka, naye hutafuta kwenye rejista. Hapo yapo majaribu, maana huku kwetu mtu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kanisani kwa jina la ubatizo, na kwenye hati ya mashtaka huandikwa majina matatu ambayo jirani hajawahi kuyasikia. Jambo la tatu ni barua kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama husika, ikieleza mwombaji ni nani, anaomba nini, mwenendo wa shauri au nakala ya hukumu, na kwa sababu gani. Ada hulipwa kwa utaratibu wa Serikali na mwombaji hupewa stakabadhi. Nakala yenye uzito ni ile iliyothibitishwa kwa saini na muhuri, si picha iliyopigwa kwa simu.

Yule ndugu aliandika barua mwenyewe. Sisi tulikaa kwenye benchi. Ilibidi turudi tena siku nyingine, maana jalada la zamani lilikuwa limehifadhiwa mbali. Lilipopatikana, alisoma yeye kwanza, kisha akampa mwinjilisti.

Ilikuwa kweli kwamba Mahakama ya Mwanzo ilimtia hatiani kwa wizi na kumpa kifungo. Uvumi haukuwa umedanganya hapo. Lakini nyuma ya hukumu ile zilikuwapo karatasi nyingine ambazo uvumi haukuzibeba. Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa na sheria. Hakimu wa rufaa aliona kwamba ushahidi ulikuwa wa mtu mmoja tu, tena mwenye ugomvi naye, na kwamba shtaka halikuthibitishwa. Hukumu ikatenguliwa. Kwa wakati huo alikuwa ameshakaa gerezani miezi minne. Kijiji kilimwona akifungwa pingu mchana, mbele ya watu, lakini hakuna aliyekuwapo siku karatasi ya rufaa ilipotoka. Basi kijiji kilibaki na nusu ya habari, na nusu ile ikasafiri naye mpaka kwetu.

Mmoja wetu, mtu mwaminifu, alisema baadaye kikaoni: "Lakini mahakama haikusema hakuiba. Imesema haikuthibitika." Ni neno la kweli, na linastahili kujibiwa. Mahakama si jicho la Mungu. Haioni moyo, hupima ushahidi. Kwa sababu hiyo Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kwamba ana hatia. Na Torati ilikuwa imesema hivyo muda mrefu kabla, katika Kumbukumbu la Torati 19:15, kwamba shahidi mmoja hatoshi kumhukumu mtu. Mungu ambaye huona yote ndiye aliyewapa watu wake sheria inayokiri kwamba wao hawaoni yote. Tukisema "haikuthibitika, lakini...", lile "lakini" tumelitoa wapi? Limetoka kwenye hofu yetu.

Tunaujua ubaya wa hofu katika mkoa huu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 vifo vingi vya Singida ambavyo mwanzoni vilidhaniwa kuwa vya simba vilikuja kuitwa kazi ya "watu simba", na serikali ya kikoloni ikashtaki watu, wengine wakahukumiwa kunyongwa. Habari ile inatukumbusha kwamba jamii iliyojaa hofu ni hatari, na kwamba hukumu za wanadamu, hata zenye muhuri, ni kazi ya wanadamu. Kwa hiyo kumbukumbu ya mahakama tunaiheshimu, ila hatuiabudu. Ni shahidi mwenye thamani. Si Bwana.

Tulipotafuta mwanga wa Maandiko juu ya kupekua kumbukumbu, tulishangaa kukuta kwamba Biblia imelizungumzia jambo hili waziwazi. Katika Ezra sura ya 4, maadui wa Yuda wanamwandikia Mfalme Artashasta wakimwomba apekue kitabu cha kumbukumbu za baba zake, ili aone kwamba Yerusalemu ni mji mwasi. Kumbukumbu zinapekuliwa, uasi wa zamani unaonekana, na ujenzi unasimamishwa. Walichosema juu ya zamani kilikuwemo kitabuni. Shabaha yao ilikuwa kuubomoa mji. Katika sura ya 6, Mfalme Dario anaagiza upekuzi mwingine, na gombo linapatikana lenye amri ya Koreshi ya kuruhusu nyumba ya Mungu ijengwe. Kumbukumbu za ufalme ni zilezile, ila upekuzi mmoja ulikuwa wa kusimamisha na mwingine ukawa wa kujenga. Na katika Esta sura ya 6, usiku mfalme aliokosa usingizi, kitabu cha kumbukumbu kinasomwa na wema wa Mordekai uliosahauliwa unaonekana. Basi swali la kimaadili si kama kumbukumbu zisomwe. Swali ni: tunazisoma tukitafuta nini, na tuko tayari kusoma mpaka ukurasa wa mwisho?

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari ya kupendeza: mwenye kusingiziwa amesafishwa, tumemwomba radhi mbele ya usharika, na leo yeye ndiye mweka hazina wetu. Lakini haikuishia hapo, na sehemu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Tulipojutia tulivyomtendea ndugu yule, tuliona kwamba kosa letu kubwa lilikuwa upendeleo. Tulimchunguza tuliyemwogopa. Tuliowapenda hatukuwagusa. Kwa hiyo tuliweka utaratibu mmoja kwa wote: kila anayeshika fedha za usharika, na kila anayefundisha watoto, alete hati ya tabia njema, ambayo hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukua alama za vidole. Mchungaji alianza na ya kwake. Tulidhani ni jambo la kutimiza tu.

Mmoja wa walimu wetu wa shule ya Jumapili hakuleta. Alikuwa mtu ambaye watoto walimkimbilia. Kwa sauti yake na gitaa lake aliufanya ukumbi ule uchangamke. Wiki zilipita. Kisha usiku mmoja alikwenda kwa Mchungaji, akakaa muda mrefu bila kusema, halafu akasema. Miaka mingi nyuma, mbali na kwetu, alitiwa hatiani kwa shambulio la aibu dhidi ya mtoto, akatumikia kifungo. Baada ya kutoka aliokoka. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Hakuna aliyemuuliza. Neno hili lilituchoma kuliko lolote. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tumeshika mifuko yetu mbele ya mtu asiye na hatia, na tulikuwa tumewakabidhi watoto wetu mtu ambaye tulipaswa kumuuliza. Tulilinda bati tukawasahau watoto.

Tunamshukuru Mungu kwamba tulipozungumza na wazazi, na na watoto kwa njia inayofaa, pamoja na afisa ustawi wa jamii, hakuna jambo baya lililoonekana kutendeka kwetu. Lakini tusijisifu kwa hilo. Haikuwa busara yetu.

Ndugu huyu wa pili alituuliza swali gumu. "Mlihubiri kwamba damu ya Yesu imefuta. Kama Mungu amefuta, mbona karani hajafuta? Na ninyi mnamsikiliza nani?" Hatukutaka kulijibu kwa haraka, maana lilitoka kwa mtu anayelia.

Jibu tulilolifikia ni hili. Tunaamini kwa moyo wote yale yanayofundishwa katika Yeremia 31:34 na Wakolosai 2:14: Mungu hazikumbuki tena dhambi za aliyetubu, na hati ya mashtaka dhidi yetu imegongomewa msalabani. Mbele ya kiti cha Mungu ndugu huyu hana deni. Anakuja mezani pa Bwana kama sisi, kwa mlango uleule wa neema. Lakini Mungu huyohuyo aliyemsamehe Daudi hakuifuta habari ya Daudi kwenye kitabu. Tunaisoma mpaka leo, na Mathayo, anapoandika ukoo wa Yesu, anamtaja mama wa Sulemani kuwa ndiye aliyekuwa mke wa Uria. Jina la Uria limebaki pale. Kwa nini? Tunaona sababu moja: Uria naye alikuwa mtu. Kufuta kumbukumbu yote ya kosa ni kumfuta pia aliyekosewa. Katika jalada lile la mahakama yumo mtoto, ambaye sheria kwa haki inamficha jina. Mungu ameliondoa deni la mkosaji bila kuyasahau machozi ya mtoto yule.

Kwa hiyo msamaha na dhamana si kitu kimoja. Msamaha ni zawadi, hutolewa bure na kwa ukamilifu. Dhamana ni kazi, hutolewa kwa kuangalia wale watakaoathirika. Kumwambia ndugu huyu "hutafundisha watoto tena, maisha yako yote" si kumrudishia dhambi yake. Ni kuwapenda watoto, na ni kumpenda yeye pia, kwa kutomweka mahali ambapo alianguka. Onyo la Bwana katika Luka 17:2, juu ya anayewakosesha wadogo, halina ubavu wa kupunguzwa. Aliposikia haya hakufurahi. Alikaa miezi miwili bila kuonekana ibadani. Kisha alirudi, na sasa hukaa na wanaume kwenye kwaya ya wazee, na wazee wawili hutembea naye kwa kujua kila kitu. Bado ana siku za uchungu, na sisi bado tuna siku za mashaka. Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba jambo hili limeisha.

Tulijifunza pia mipaka. Kijana mmoja wa usharika, baada ya kusikia mambo haya, alifungua simu na kuanza kutafuta majina ya watu kwenye TanzLII, ambako hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa wazi kwa yeyote kusoma. Akakuta jina la mzee wetu mmoja kwenye kesi ya mauaji. Habari ilikuwa imeshazunguka nusu ya kwaya kabla mtu hajagundua kwamba mwenye kesi alikuwa wa mkoa mwingine kabisa, jina tu limefanana. Uwazi wa hukumu ni jambo jema. Bila huo haki huozea gizani. Lakini kitu kuwa rahisi kupatikana hakukifanyi kiwe halali kutangazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kanisa halipaswi kusubiri Serikali ilifundishe hilo. Amri ya nane tuliikariri sote kwenye kipaimara.

Na mpaka mwingine: karatasi safi si moyo safi. Tunajua, na tuseme ukweli, kwamba mashauri mengi ya watoto kuumizwa huku vijijini hayafiki mahakamani. Yanamalizwa nyumbani kati ya ukoo na ukoo, kwa mbuzi na maneno ya kusihi, na hakuna karani anayeandika kitu. Mtu wa namna hiyo ataleta hati nzuri kabisa. Ndiyo maana sasa hakuna mtu mzima, hata Mchungaji, anayebaki peke yake na watoto wetu. Daima ni wawili, na mlango wazi.

Sharika nyingine zimetuuliza tunafanyaje. Tunajibu kwa ufupi. Tunaomba kumbukumbu pale tu kazi yenyewe inapodai. Tunaomba kwa wote, hatuchagui tunaowaogopa. Tunaomba mwenyewe akijua, na ikiwezekana akiomba yeye. Tunasoma mpaka mwisho, kutoka mashtaka hadi hukumu hadi rufaa, na tunatofautisha aliyeshtakiwa, aliyeachiwa na aliyetiwa hatiani. Wanaosoma ni watatu tu, na baada ya uamuzi karatasi humrudia mwenyewe. Wala hatuiachi karatasi iseme neno la mwisho juu ya mtu.

Tunakumbuka pia Barnaba. Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na sababu. Barnaba hakuwaambia wasahau yaliyopita. Katika Matendo 9:27 tunamwona akimchukua, akimpeleka kwa mitume, akiwaeleza yaliyotukia njiani. Alibeba habari nzima, akasimama kando ya mtu mwenyewe wakati habari ikisomwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo sisi tulishindwa kuifanya safari yetu ya kwanza.

Yule mama wa masjala hatukuwahi kumuuliza kama ni Mkristo, Mwislamu au ni nani. Lakini swali lake tumelifanya kuwa sehemu ya vikao vyetu. Kila jina la mtu asiyekuwapo linapotajwa mezani, kwa ubaya au kwa wema, mmoja wetu huuliza: "Mwenyewe anajua?" Kama hajui, tunafunga daftari, tunavaa viatu, tunakwenda kumgongea hodi.